Msomi na Msomaji: Juu ya Haja ya Kupendekezeana Vitabu

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinijia ofisini baada ya mhadhara wa sintaksia. Baada ya kuniamkia aliniuliza swali ambalo halimo katika muhtasari wa kozi yoyote: "Samahani Mwalimu, kwa sasa unasoma kitabu gani?" Nilimtajia kitabu cha fonolojia nilichokuwa nikikiandikia mapitio. Akatabasamu kwa adabu. "Nakusudia kitabu unachokisoma tu, Mwalimu. Ambacho ungependa na mimi nikisome." Sikuwa nacho. Ili nisimwachie mikono mitupu nilimtajia Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotoka mwaka 1976, naye akaenda zake ameridhika.

Baada ya majuma mawili alirudi. Alikuwa ameimaliza, na alitaka tuzungumze juu ya Sulubu. Nikamwambia kwamba nina kikao. Kikao hakikuwapo. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi riwaya hiyo nilikuwa nimeitumia kama shamba la kuvunia mifano ya vishazi rejeshi, na sikuwa nimepata kuisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Makala haya ni tunda la aibu hiyo. Hayakusudii kuwasilisha matokeo ya utafiti wala kujenga nadharia. Yanakusudia kutoa hoja moja tu, nayo ni kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili tumekuwa hodari wa kuwafanya watu wawe wasomi, lakini wazito wa kuwafanya wawe wasomaji. Na kwamba dawa mojawapo ya ugonjwa huu, tena isiyo na gharama kubwa, ni kurejesha mazoea ya kuambiana tunasoma nini na kwa nini.

2.0 Ushahidi wa Lugha Yenyewe

Naomba nianzie katika uwanja wangu. Kitenzi soma kimezaa nomino mbili za mtendaji: msomi na msomaji. Ya kwanza imeundwa kwa kiambishi tamati -i, na ya pili kwa -aji, kama mchezaji, mfugaji na mwimbaji. Sidai kwamba viambishi hivi viwili hutofautiana kimaana kwa namna ile ile kila mahali, maana mvuvi huvua na mpishi hupika kila siku bila ya kuhitaji -aji. Hata hivyo, katika jozi hii matumizi yamejenga mpaka ulio wazi. Msomi ni mtu aliyekwisha kusoma. Ana shahada, na hakuna anayemwuliza alifungua kitabu lini mara ya mwisho. Msomaji ni mtu ambaye angali anasoma. Tunaposema "yule kasoma", hatusemi habari za kitabu chochote. Tunatoa habari za cheo. Hali timilifu imekifunga kitendo, na mtendaji ameruhusiwa kupumzika.

Neno chuo nalo lina historia yake. Katika Kiswahili cha kale cha pwani chuo ni kitabu. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake maarufu ni wa mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Mwanachuoni ni mtu wa kitabu kabla ya kuwa mtu wa jengo. Kwa asili ya maneno, basi, Chuo Kikuu ni Kitabu Kikuu. Najua kwamba etimolojia si hoja, na neno halilazimiki kukaa daima pale lilipozaliwa. Lakini ni vigumu kwa mwalimu wa lugha kupita kila asubuhi chini ya bango lenye neno hilo bila ya kujiuliza kitabu kilitoka lini, na nani alikuwapo kilipotoka.

3.0 Orodha ya Mtihani

Yafaa tukiri kwamba katika nchi zetu kitabu cha fasihi ya Kiswahili huishi kwa orodha ya mtihani. Kikiteuliwa huchapishwa upya, hununuliwa kwa mamia na kuandikiwa miongozo. Kikiondolewa, aghalabu hutoweka madukani, na baada ya miaka kumi huwa hakipatikani ila katika rafu za maktaba zinazohitaji kibali.

Sina ugomvi na orodha yenyewe. Wengi wetu tusingemjua Shaaban Robert wala Muhammed Said Abdulla kama si orodha hiyo. Hoja yangu ni kwamba orodha haipendekezi. Orodha huamuru. Haimwambii mwanafunzi kwamba kuna mtu fulani aliyekesha na kitabu hiki, au kwamba mtu huyo alikasirishwa na sura ya mwisho. Humwambia tu kwamba kitatahiniwa. Naye hujibu amri kama watu wote wanavyojibu amri: hutafuta njia fupi ya kuitimiza. Njia hiyo ni mwongozo. Hivyo hutokea kwamba mwanafunzi anafaulu vizuri swali la dhamira katika riwaya ambayo hajapata kuishika mkononi. Tusimlaumu mno. Mimi mwalimu wake nilifanya vivyo hivyo kwa vishazi rejeshi.

Kinyume cha amri ni neno la msomaji kwa msomaji, na historia yetu inao mfano wa nguvu yake. Riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa isitumike shuleni. Kwa mantiki ya orodha ingepaswa kufa. Badala yake ilipendwa na kusomwa sana, na baadaye ikaja kuingia katika madarasa yale yale iliyokuwa imezuiwa. Wasomaji walitangulia, na orodha ikawafuata.

Mazoea ya kusoma hadharani pia si mageni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na washairi waliojibizana kwa beti. Na mtu hawezi kumjibu mwenzake asiyemsoma. Barazani gazeti moja lilisomwa kwa sauti na kusikilizwa na wengi, hata na wasiojua herufi. Lugha ina kauli inayoufaa utendaji huo, kusomeana, na ni jambo la kusikitisha kwamba sasa hatuna nafasi nyingi za kuitumia.

4.0 Vikwazo na Hatari

Wako watakaosema kwamba tatizo si mazoea bali ni bei. Kwamba vitabu ni ghali, maduka ni machache, na maktaba nyingi zina upungufu. Hoja hii ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Lakini ukweli wake unaunga mkono hoja yangu badala ya kuibomoa. Mtu mwenye fedha ya kitabu kimoja kwa mwaka ndiye anayehitaji zaidi neno la kuaminika kabla ya kuitoa. Aidha, nakala moja inayoazimwa kutoka mkono hadi mkono huwa na wasomaji wengi kuliko nakala kumi zilizofungiwa kabatini.

Hatari ninayoihofia mimi ni nyingine, nayo ni kusifiana. Katika jamii ndogo ya wataalamu, ambamo kila mwandishi ni rafiki, mwalimu au mwanafunzi wa mhakiki wake, pendekezo hugeuka upesi kuwa zawadi ya harusi: hutolewa ili lirudishwe. Ili tujikinge, napendekeza masharti matatu. Kwanza, anayependekeza awe amekisoma kitabu hadi mwisho, na kama hajamaliza aseme. Pili, ataje kasoro moja angalau, kwa sababu kitabu kisichokuwa na kasoro ni kitabu kisichosomwa. Tatu, aseme kitabu kinamfaa nani, na kinamdai nini huyo msomaji.

5.0 Ninavyovisoma

Haitakuwa haki kuyaweka masharti haya bila ya kuyafuata. Kwa hiyo nataja vitabu vinne vilivyo mezani kwangu.

Cha kwanza ni hicho hicho Nyota ya Rehema, ambacho sasa nimekimaliza. Mwandishi anamfuata msichana aliyekataliwa na babaye kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, hadi anapokuwa mtu mzima na kukuta kwamba ardhi aliyoitolea jasho pamoja na mumewe, Sulubu, haina mtetezi mbele ya sheria ya wenye mali. Sentensi nilizokuwa nikizikata vipande ubaoni nilikutana nazo tena mahali pake, na baadhi yake sikuzitambua. Kasoro: maelezo ya mandhari ni marefu, na msomaji wa bara atalazimika kuwa na kamusi karibu. Kinamfaa anayedhani kwamba ubaguzi ni jambo lililoletwa kwetu na wageni peke yao.

Cha pili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwandishi alikamilisha mswada kwa Kikerewe mwaka 1945. Alipokosa mchapishaji aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki mwaka 1981. Ni hadithi ya mume na mke wanaotafuta mtoto, na ya mume anayekwenda kuwaangukia wakwe zake baada ya mke kurudishwa kwao. Kasoro yake ni urefu: maamkizi hayarukwi, na pombe haipikwi kwa sentensi moja. Lakini nimeona kwamba ukikubali mwendo wake, siku mbili baadaye unaona riwaya nyingine zote zina haraka isiyo na sababu. Kinamfaa anayeamini kwamba riwaya ya Kiswahili ni mali ya pwani.

Cha tatu ni Nagona cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1990. Mwandishi huyu, aliyefariki mwaka 2020, naye alikuwa mtu wa Ukerewe, na ni ajabu kwamba kisiwa kimoja kimetoa riwaya mbili zilizo mbali kiasi hiki. Nagona ni fupi, haina mtiririko wa matukio tuliouzoea, na msomaji hutembea ndani yake kama atembeaye katika ndoto ya mtu mwingine. Nimeisoma mara mbili na sidai kuielewa yote. Hiyo yaweza kuwa kasoro ya kitabu au yangu. Naiacha kwa msomaji. Hakimfai anayetafuta faraja.

Cha nne ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ilitoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hatuna budi kujiuliza kwa nini ilitupasa kungoja miaka 28 ili kusoma kwa lugha yetu habari za Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babaye na kusafirishwa na msafara wa biashara hadi bara. Maana maisha hayo yenyewe yalizungumzwa kwa Kiswahili, na kutafsiriwa kwake ni kurudishwa nyumbani zaidi kuliko kupelekwa ugenini. Kasoro ninayoiona ni ya kila tafsiri ya aina hii: maneno yaliyokuwa mageni katika Kiingereza, na kwa hiyo yakang'aa, yamekuwa ya kawaida katika Kiswahili na mng'ao huo umepotea. Kinamfaa mwanafunzi wa tafsiri, na yeyote aliyewahi kuwa mtoto asiyeulizwa.

6.0 Hitimisho

Mapendekezo yangu ni madogo kwa makusudi. Kila mhadhiri wa idara, awe wa isimu au wa fasihi, atoe dakika tano za mhadhara wake mara moja kwa juma kuwaambia wanafunzi anasoma nini, na asikilize wao wanasoma nini. Mlango wa ofisi uwe na karatasi yenye jina la kitabu na sentensi mbili juu yake. Na jarida hili litenge ukurasa mmoja, usiohesabiwa katika kupandishwa vyeo, ambamo wasomaji watapendekezeana vitabu kwa masharti niliyoyataja au mengine bora zaidi. Nasisitiza neno usiohesabiwa. Siku ukurasa huo utakapoanza kutupatia alama, tutaanza kuandika juu ya vitabu tusivyovisoma.

Wenzangu wa isimu huenda wakasema kwamba kazi hii ni ya wanafasihi. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Lakini lugha tunayoichunguza haiishi katika mifano yetu yenye nambari mabanoni. Inaishi pale mtu anapomaliza ukurasa na kutaka kumwambia mwenziwe. Tukiwa hatupo mahali hapo, hatujui sawasawa tunachokichunguza.

Mwanafunzi yule alikwisha kuhitimu na sijui alikoajiriwa. Kwa hesabu ya idara ni msomi, na kwa hesabu yangu alikuwa msomaji kabla sijawa mimi. Endapo jarida hili litamfikia, ajue kwamba Sulubu nami nimemfikia, nina la kusema juu yake, na sina kikao.