Harimu ya Kisima



Juma hili twapenda kuzungumza na wazazi, hasa kina mama, juu ya neema iingiayo majumbani mwetu kila siku bila ya kushukuriwa ipasavyo: maji matamu. Kisiwa cha Lamu kitatutosha kuwa mfano.

Kisiwa hicho hakina mto, na bahari imekizunguka pande zote. Hata hivyo mji wake, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umeishi karne nyingi kwa maji ya visima. Siri yake ni vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inyeshapo, mchanga huyanywa maji na kuyachuja polepole hadi chini. Huko maji matamu, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Yakivutwa kwa pampu kuliko mvua inavyoyarudisha, chumvi hupanda. Na kisima kilichoingiwa na chumvi hakirudi upesi katika hali yake. Vilima vikijengwa, mashimo ya vyoo huchimbwa juu ya maji yale yale tunayoyanywa.

Pamoja na hayo, viwanja vya vilimani na kandoni mwake vimekuwa vikitamaniwa na kugombaniwa. Twawalaumu wageni wenye mahoteli, na pengine lawama yawastahiki. Lakini hakuna mnunuzi pasipo muuzaji, wala dalali hatoki ng'ambo.

Waliosoma vyuoni wataukumbuka mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Mafakihi wetu wa Kishafii walieleza kwamba kisima kina harimu yake, yaani eneo la kandokando lisiloruhusiwa kumilikiwa na mwingine akalitumia kwa jambo la kukidhuru. Imam an-Nawawi katika Minhaj, alipofikia visima vya mifereji ya chini ya ardhi, hakuhesabu dhiraa. Kipimo chake ni madhara: harimu yafika pale ambapo mtu akichimba, maji yatapungua au itakhofiwa kisima kuporomoka.

Tukikisia kwa kipimo hicho, harimu ya visima vya Lamu haiishii hatua chache kutoka ukingoni. Ni vilima vyote vinavyoyakusanya maji yake.

Atasema mtu, "Ardhi ni yangu, na nina watoto wa kusomesha." Neno lake ni zito, wala hatulidharau. Lakini bei ya kiwanja hupokewa mara moja na nyumba moja, na maji ya chumvi yatanywewa na mji mzima, wakiwemo wajukuu wa muuzaji mwenyewe. Dini imetukataza kudhuru na kudhuriana. Basi jamaa wakikutana kugawa mirathi, na waulizane kwanza: je, kipande hiki ni cha kuuzwa, au ni harimu ya wenzetu?

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na haya. Tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1999, mradi mkubwa hauna ruhusa kuanza kabla ya kutathminiwa athari zake, na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni. Aghalabu sisi huja kulalamika kuta zikishasimama. Kina mama wasiachwe nje ya mabaraza hayo, kwani wao ndio wa kwanza kuonja maji yaliyobadilika, yawe ya chai au ya uji wa mtoto.

Na tusimalize bila ya kuzitazama jaa zetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, lakini nepi, betri na chupa za dawa bado hufukiwa mchangani nyuma ya nyumba. Mchanga haufichi kitu. Hukikabidhi kwa maji. Tuweke taka mbali na visima, tuwazoeshe watoto kuziba bomba, na udhu wetu uwe wa maji kidogo. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitukataza israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto unaopita. Sisi tusiokuwa na mto tuna udhuru gani?

Mwenyezi Mungu atuhifadhie maji yetu, na atujaalie tuwarithishe watoto wetu visima vitamu. Amin.