Bill Russell na Haki ya Kushindwa

Wanaomtaja Bill Russell, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyefariki mwaka 2022, aghalabu huanza na mataji 11 aliyoyatwaa pamoja na Boston Celtics katika misimu 13, wakaongeza kwa taadhima kwamba mawili ya mwisho aliyapata akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, kisha wakanyamaza, kana kwamba maisha ya mtu huyo yalikoma siku alipovua jezi mwaka 1969. Baada ya siku hiyo Russell alifundisha timu nyingine mbili, Seattle na Sacramento, na huko mambo hayakumnyookea. Ndiyo maana wapenzi wake huona ni adabu kuyapita kimyakimya. Mimi naona kwamba adabu hiyo, ijapokuwa imetoka katika moyo safi, inamdhulumu yeye, na inawadhulumu pia wote waliofuata nyuma yake katika kazi ile.

Ili muradi wangu udhihiri, yafaa kwanza tuitazame hali ilivyokuwa mwaka 1966. Red Auerbach, aliyeifundisha Celtics kwa misimu 16, alikuwa amekwisha azimia kung'atuka, na baada ya baadhi ya wachezaji wake wa zamani kuukataa wadhifa huo, akamwendea Russell, ambaye naye hakuwa na hamu ya kucheza chini ya amri ya kocha mwingine. Habari ikatangazwa tarehe 18 Aprili, siku moja tu baada ya Lakers kuwashinda Celtics katika mchezo wa kwanza wa fainali, na magazeti yakausahau ushindi wa Lakers, kwa kuwa hapakuwahi kutokea mtu mweusi aliyepewa ukocha mkuu katika ligi ya NBA. Mwandishi mmoja akamwuliza kama ataweza kuwatendea wachezaji weupe insafu, bila ubaguzi. Makocha weupe walikuwa wakiwaongoza wachezaji weusi tangu mwaka 1950, na kwao swali la namna hiyo halikuwa la desturi. Russell akajibu kwamba ataweza.

Na aliyeulizwa ndiye yule ambaye mwaka 1961, huko Lexington katika jimbo la Kentucky, yeye na wenzake weusi walinyimwa huduma katika mkahawa wa hoteli, wakafunga mizigo yao wakaondoka bila kucheza. Ndiye ambaye nyumba yake ya Reading, si mbali na Boston, ilivunjwa na wahuni, kuta zikaandikwa matusi ya rangi na kitanda kikatiwa najisi, katika jimbo lilelile lililojivunia vikombe alivyoliletea. Mtu wa namna hiyo hapewi kazi akaruhusiwa kujifunza polepole. Kila mchezo anaopoteza huhesabiwa kuwa ushahidi juu ya watu wote wa rangi yake.

Kwamba alistahili kufundisha, hilo lilikwisha onekana katika uchezaji wake kwa yeyote aliyetazama kwa makini. Warefu wengi, wanapozuia mtupo wa mpinzani, huupiga mpira kofi zito ukaruka hadi kwa watazamaji, nao watazamaji hupiga yowe. Lakini mpira uliotoka nje hivyo hurudishwa kwa timu ileile iliyokuwa ikishambulia. Russell alikuwa akiugusa kwa ncha za vidole, ukapanda kidogo na kushuka mle mle uwanjani, akaudaka mwenyewe au akaudaka mwenzake, na kufumba na kufumbua Celtics walikuwa wanakimbilia kikapu cha upande wa pili. Anayecheza hivyo amekwisha wafikiria wenzake wanne kabla mkono wake haujafika kwenye mpira, na huko kuwafikiria wengine ndiko mwanzo wa ualimu.

Walakini, kujua jambo kwa mwili wako ni kitu kimoja, na kulivusha likaingia katika mwili wa mtu mwingine ni kitu kingine kabisa. Msimu wake wa kwanza, akiwa hana hata kocha msaidizi, ilimbidi acheze, apange kikosi, aamue nani atoke na nani aingie, yote hayo huku jasho likimtiririka na mpinzani akimsukuma kiuno. Celtics walishinda michezo 60 na kupoteza 21, hesabu ambayo kocha mwingine yeyote angeifanyia karamu, lakini Philadelphia ya Wilt Chamberlain ikawatoa kwa michezo 4 kwa 1, na mfululizo wa mataji manane ukakatika mikononi mwa kocha mweusi wa kwanza. Nadhani hakuna saa iliyokuwa nzito kuliko hiyo katika kazi yake yote.

Hakuachishwa. Mwaka uliofuata walikutana tena na Philadelphia, wakawa nyuma kwa michezo 3 kwa 1, wakashinda mitatu iliyobaki na baadaye wakalitwaa taji. Mwaka 1969 walimaliza wa nne katika kanda yao, timu iliyozeeka, wakafika hata hivyo kwenye mchezo wa saba wa fainali huko Los Angeles, ambako mwenye timu ya Lakers alikuwa amekwisha amuru maputo yafungwe darini, tayari kumwagwa juu ya washindi. Maputo hayakumwagwa. Celtics walishinda 108 kwa 106, na Russell, mwenye umri wa miaka 35, alicheza dakika zote 48, akadaka mipira 21 iliyorudi ubaoni na kupata alama 6 tu, kwa sababu kufunga kulikuwa kazi ya wengine na yeye ndiye aliyeigawa kazi.

Hapo ndipo simulizi za wengi hukatika, na hapo ndipo ningependa ziendelee. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1977 aliongoza Seattle, akashinda michezo 162 na kupoteza 166. Aliifikisha kwenye mtoano kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu, mwaka 1975, na akiwa huko huko ndipo klabu ilipomchukua kijana Dennis Johnson, ambaye mwaka 1979 alikuja kuwa mchezaji bora wa fainali Seattle ilipotwaa ubingwa chini ya kocha mwingine. Wapo waliomwona Russell mkali na mwenye kujitenga, na siwezi kusema walimsingizia. Kocha Russell wa Boston alikuwa na mchezaji mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili, naye ni Russell mwenyewe. Kocha Russell wa Seattle hakuwa naye, na kuwaeleza vijana kwa maneno yale ambayo kwake yeye yalikuwa kama kupumua kulimchosha. Huko Sacramento, msimu wa 1987 hadi 1988, mambo yalikuwa mabaya zaidi: ushindi 17, kushindwa 41, na kabla ya msimu kwisha akaondolewa.

Yaandikwe yote hayo, tena kwa wino uleule wa vikombe. Mtu mweusi aliyeruhusiwa kufundisha kwa sharti la kuwa bingwa kila mwaka alikuwa bado hajapewa haki; alikuwa amepewa mtihani usiokwisha. Haki kamili ilianza kuonekana pale alipoweza kupoteza michezo 41 huko Sacramento, akalaumiwa kwa mipango yake na kwa ukali wake, kama walaumiwavyo makocha wote, na watu wasiutumie upungufu huo kuwafungia mlango wengine. Katika fainali za mwaka 1975, miaka tisa tu baada ya lile swali la Boston, makocha wote wawili walikuwa weusi: Al Attles wa Golden State, aliyeshinda, na K.C. Jones wa Washington, rafiki wa Russell tangu chuoni San Francisco, aliyeshindwa michezo yote minne, na ambaye baadaye alikabidhiwa Celtics akawapa ubingwa mwaka 1984 na 1986. Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo ulipomwingiza Russell mara ya pili, mwaka 2021, safari hii kwa cheo cha kocha, nilifurahi sana, na ningefurahi hivyo hivyo lau yale mataji mawili yasingekuwapo.

Aliyeifaidi haki hiyo kuliko wote ni Lenny Wilkens, ambaye naye alianza mwaka 1969 akiwa mchezaji na kocha huko Seattle, na ndiye yule aliyekuja kuirithi timu iliyoachwa na Russell na kuipa ubingwa wake wa mwaka 1979. Mwaka 1995 aliupita ushindi 938 wa Red Auerbach, na mwisho wa kazi yake alikuwa ameshinda michezo 1,332. Alishindwa pia 1,155, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa NBA aliyeifikia, na hata hivyo vilabu sita, kwa nyakati mbalimbali, vilimkabidhi wachezaji wao.