Shimo la Dhahabu Linachorwa na Nani?

Wadau, tukizungumzia migodi yetu tunabishana kuhusu mrabaha, misamaha ya kodi na makontena ya mchanga. Sawa. Lakini kuna jambo jingine linaloamuliwa kimyakimya ndani ya kompyuta: shimo la mgodi wa wazi liishie wapi?

Wengi tunadhani dhahabu yenyewe ndiyo inayoamua, ilipo ndipo panapochimbwa. Si hivyo. Wataalamu wanachoronga, sampuli zinapimwa maabara, kisha programu inaukata mlima mzima vipande vipande kama matofali makubwa. Kila tofali linakadiriwa lina dhahabu kiasi gani na kulitoa kunagharimu kiasi gani. La chini hulifikii bila kuondoa yaliyo juu yake, na kuta haziwezi kusimama wima, zitaporomoka. Mwaka 1965 Helmut Lerchs na Ingo Grossmann walitoa kanuni ya kutafuta shimo lenye faida kubwa kuliko mengine yote, na wazo hilo limekuwa msingi wa programu nyingi za migodini.

Tatizo ni kwamba kompyuta haijui bei ya dhahabu. Inaambiwa. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, wakia moja ilikuwa chini ya dola 300. Mwaka 2025 ilivuka dola 4,000. Ukipandisha bei ndani ya programu, mawe yaliyoitwa kifusi yanageuka mali na shimo linapanuka. Ukingo ukisogea kidogo tu kwenye skrini, huku ardhini unaweza kuwa umefika kwenye shamba la mtu, au kwenye kaburi la babu yake.

Na fidia ya mtu huyo nayo ni namba tu katika hesabu hiyohiyo. Ikiandikwa ndogo, shimo linapata ruhusa ya kuwa kubwa.

Sisemi kompyuta ni adui. Ukuta wa mgodi uliokosewa hesabu unaua watu, kwa hiyo afadhali hesabu kuliko kubahatisha. Ninachosema ni kwamba anayeingiza namba ndiye anayechora ramani, na sisi hatumo chumbani.

Tangu mwaka 2017 sheria inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji mkubwa. Mwenye hisa hapaswi kuridhika na ripoti iliyochapwa vizuri. Tume ya Madini iwatumie vijana wanaosomea uhandisi wa migodi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wafungue faili lenyewe, wabadilishe bei, wabadilishe fidia, waone mstari unahamia wapi. Kisha wanakijiji waonyeshwe mistari yote: bei ikishuka shimo linaishia hapa, ikipanda linafika pale. Mtu ajue mapema kama anajenga nyumba au anajenga kifusi cha kesho.

Au mnaonaje, wadau? Hesabu hizi ni za wataalamu peke yao?