Liliingia Maji Kidogo Tu

Mpwa wangu anayesoma Birmingham alinipigia simu Jumapili usiku. "Mjomba, nimepata gari! Nusu bei!" Alitaka kulituma Tanga, mama yake alifanyie teksi. Pesa zenyewe ni za vibarua vya miaka miwili, kuosha vyombo mahotelini. Muuzaji kamwambia liliingia maji kidogo tu.

Maji gani? Hajui.

Nikamsimulia habari ya Tricolor. Desemba 2002, meli hiyo ilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Southampton, ikagongwa na meli nyingine kwenye ukungu na kuzama. Mabaharia wote 24 waliokolewa. Tumboni ilikuwa na magari mapya 2,871: BMW, Volvo na Saab. Mwaka uliofuata ilianza kukatwa vipande kwa waya wa msumeno na kutolewa majini. Magari hayo hayakwenda dukani. Yalikwenda kwenye chuma chakavu.

"Si wangeyakausha tu, mjomba?"

Maji yanakauka, mwanangu, chumvi inabaki. Inajificha ndani ya soketi, kwenye maungio ya bodi na ndani ya breki, na kila hewa ikiwa na unyevu inauvuta, kutu inaendelea. Nyaya ndizo huumia zaidi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo betri ikiwa imeungwa, shaba huliwa upesi na kugeuka kijani. Gari kama hilo linaweza kuwaka na kutembea miezi kadhaa, kisha kompyuta ya breki au ya mifuko ya hewa ikagoma ukiwa barabarani na abiria. Ya mvua afadhali, fundi mzuri anaweza kuhangaika nayo.

Nikamwambia aende mchana na tochi. Inua zulia, tazama boliti za viti. Funua pa kuwekea spea. Chomoa soketi moja chini ya dashibodi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, maana wanaosafisha magari husahau hapo. Likinukia manukato mno, jiulize linaficha nini. Tena ulizia kundi la bima: hapa Uingereza gari la A au B halirudi tena barabarani, la S au N linaweza kutengenezwa.

Jumanne akanitumia picha. Boliti rangi ya ukwaju, na mwisho wa mkanda mstari wa tope.

Pesa anazo bado. Amenuna kidogo, na dada yangu huko Tanga hatujamwambia kitu.