Mbio Baadaye, Breki Kwanza

"Mjomba, gari lilikataa kusimama!" Mpwa wangu aliniambia hayo Jumatatu jioni, hata chai hajaionja. Siku iliyotangulia alikuwa akiteremka Mai Mahiu kuelekea Naivasha na mkewe na watoto wawili, katika Volkswagen Golf GTI yake ya kizazi cha tano, zile zilizoanza kuuzwa 2004. Katikati ya mteremko, kanyagio la breki likawa laini kama sifongo na kushuka karibu na sakafu. Aliponea kwa sababu barabara mbele ilikuwa tupu na gia ilikubali kupunguzwa.

Dawa aliyojiandikia ni kutia diski za mbele za Golf R32, zenye kipenyo cha milimita 345 badala ya 312 za GTI. Tayari alikuwa amezinunua. Sikumlaumu. Kijana akishapata gari dogo lenye injini ya turbo, kila tatizo hutafutiwa kifaa kikubwa zaidi.

Fundi tuliyemwendea karibu na Kirinyaga Road hakuzitazama diski hizo. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akatuonyesha. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Msomaji, mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho hushuka hadi 155. Ukikanyaga breki mteremko mzima, joto la pedi na diski huyafikia mafuta na kuyachemsha. Mvuke hutokea, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Mguu unashuka na gari linaendelea na safari. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama gari hukaa nyumbani. Diski kubwa zingechelewesha tu balaa.

Tena kumbuka kwamba gari la kilomita 100 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile la kilomita 50, wala si mara mbili. Nishati hiyo yote breki huigeuza kuwa joto.

Makosa mengine yalifuata. Kalipa moja ya nyuma ilikuwa imekwama kwa kutu, pedi yake ikala upande mmoja. Mipira ya breki ilikuwa na nyufa. Na zile diski za R32 zinahitaji kalipa zake, pamoja na rimu pana za kuzifunika. Yeye alikuwa ametia za inchi 16 ili apate matairi ya bei nafuu.

Kisha fundi akauliza, "Giaboksi ilifanyiwa huduma lini?" Kimya. Giaboksi ya DSG ya gari hili ina klachi mbili zinazooga katika mafuta, na mafuta hayo hubadilishwa pamoja na chujio kila kilomita 60,000. Mpwa wangu ni mwenyewe wa tatu na hakuna aliyemwachia rekodi. Gari lilikuwa likishtuka likianza kuondoka, naye akadhani huo ndio uanaume wa turbo! Sehemu ya mshtuko ilitokana na mpira wa kushikilia injini upande wa chini, uliokuwa umepasuka.

Alitaka pia difu ya kuzuia gurudumu moja kuteleza. Hiyo ni kazi ya kufungua giaboksi nzima. Tukaiacha. Hata hivyo alishangaa kujua kwamba gurudumu la mbele likiteleza, gari lake hulishika kwa breki zilezile, kwa hiyo kila anapoondoka kwa fujo anazipasha moto.

Pesa zikaenda kwa mafuta ya aina mbili, mipira, pedi na kalipa.

Mwezi jana aliteremka Mai Mahiu tena. Tangu kileleni alisukuma wenzo wa gia upande wa kuchagua mwenyewe, akakaa gia ya tatu, akigusa breki mara mojamoja. Diski za R32 bado ziko chini ya kitanda cha wageni, na mkewe anauliza kila wiki zitauzwa lini.