Ruzuku ya Utafiti Si Mali ya Wenye Kujuana



Wengi wenu mnapolisikia jina Fort Ternan mnakumbuka kituo cha reli ya Kisumu, huko Kipkelion, chini ya mashamba ya chai ya Kericho. Wanasayansi wa dunia nzima wanalijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1961 Heselon Mukiri na Wakenya wenzake walikuwa wakichimba hapo kwa niaba ya Louis Leakey. Ardhini yakatoka mabaki ya taya la nyani wa kale, wa miaka kama milioni 14. Mwaka uliofuata Leakey akampa jina: Kenyapithecus wickeri. Hilo "wickeri" limetokana na nani? Na Fred Wicker, mlowezi aliyekuwa na shamba lile. Jina la Mukiri lilikuja kuwekwa kwa spishi nyingine, Proconsul heseloni, mwaka 1993. Zaidi ya miaka 30 baadaye!

Leo hatubishani kuhusu asili ya binadamu, hilo lina darasa lake. Tunazungumza pesa na jina. Leakey alikuwa na shahada ya Cambridge na wafadhili wa Marekani. Waliochimba walikuwa na macho makali, subira na mikono. Sasa jiulize: pesa ya utafiti ikitoka leo, nani anaandikwa mtafiti, na nani anabaki kuchimba kwa ajili ya mwingine? Wangapi wenu mmezunguka na dodoso za watu, mkahoji wachuma chai, mkatafsiri Kipsigis na Kiswahili, mkapewa posho ya siku, halafu jina lenu likaishia kwenye ukurasa wa shukrani, kama liliingia?

Usiniambie hakuna pesa. Ni kweli ni chache. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ndiyo iliyounda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikasema Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kenya haijawahi kufika hapo. Lakini pesa inapokuwa chache, ndipo ugawaji wake unapotakiwa kuwa wazi zaidi. Sufuria ikiwa ndogo, mwenye upawa ndiye wa kuangaliwa.

Na kwetu sisi ruzuku ina uzito wake. Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza unakuja na riba ya asilimia 4. Wapo vijana wa Kiislamu wanaoukimbia kwa sababu ya dini yao. Kijana kama huyo akikosa ruzuku, mlango uliobaki ni mfuko wa baba. Na kama baba anachuma chai, au anauza mitumba sokoni, huo mfuko unaujua.

Halafu kuna kitambulisho. Fomu nyingi za ufadhili wa umma zinakitaka. Mwezi Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi katika uraia. Wanubi ni Waislamu ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari, na vizazi vyao wako Kibera, Kisumu na miji mingine. Mtoto anayefika miaka 18 akaanza kuzungushwa ofisi hadi ofisi kutafuta kitambulisho, tarehe ya mwisho ya maombi inampita akiwa bado kwenye foleni. Hakuna aliyemwandikia "umekataliwa kwa sababu ya dini yako." Hakuna haja. Foleni imeshafanya kazi hiyo.

Kuna watakaosema: "Ruzuku ni ya ubora, siyo ya kabila wala dini." Sawa, tunakubali. Basi tuonyesheni huo ubora unapimwaje! Alama zinatolewa kwa nini? Nani anasoma maombi? Akikuta la mwanafunzi wake au la mpwa wake, anatoka chumbani au anabaki? Ubora unaofichwa kabatini hatuwezi kuutofautisha na kujuana.

Na huu mchanganyiko tunaoutaka si wa kupamba picha. Anayepewa pesa ndiye anayechagua swali. Mwaka 2023 watu waliohofia ajira zao walichoma mashine za kuchuma chai Kericho. Nani anatafiti familia zilizopoteza kibarua zinakula nini? Nani anaandika historia ya Waislamu waliokuja na reli wakabaki kwenye vituo vyake? Mtoto aliyekulia kwenye nyumba za kampuni ya chai anayo maswali ambayo profesa wa Nairobi hatayafikiria. Mnyime ruzuku, na swali lake limekufa naye.

Elewa vizuri: hatuombi fungu la Waislamu. Tunadai mizani moja. Mtoto wa Kipsigis, Mkristo, ambaye mama yake anachuma chai, anaumizwa na kabati hilohilo. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Kwa hiyo na kamati zetu za misikiti zinazogawa pesa za masomo zisikie: mkimpa mtoto wa mwenyekiti na kumwacha yatima, hamna ulimi wa kuisema serikali.

Tunachodai kwa kila mfuko wa umma na kila chuo cha umma, kuanzia Nairobi hadi Kabianga, ni hiki:

1. Vigezo na alama zake vitangazwe kabla ya maombi kufunguliwa.
2. Wasomaji wa maombi wasione majina, na mwenye uhusiano na mwombaji ajitoe.
3. Baada ya kugawa, itangazwe ni wangapi waliomba na wangapi walipata, kwa kaunti, chuo na jinsia.
4. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.
5. Usaili usiwekwe saa ya swala ya Ijumaa wala siku ya Idd.

Hakuna hata moja hapo lililo hisani. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsia, hata mavazi. Dada, hijabu yako imo humo. Kifungu cha 47 kinampa sababu za maandishi yule ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Sasa wewe. Kulalamika kwenye WhatsApp hakutoshi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, na huhitaji kueleza sababu ya kuuliza. Andikia chuo chako au mfuko uliouomba. Uliza: mwaka jana mlipokea maombi mangapi, mkatoa ruzuku ngapi, kwa kaunti zipi, kwa vigezo gani? Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wana siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman. Bure.

Barua moja inaweza kupotea kwenye droo. Barua 100 kutoka vyuo 20 hazipotei. Na ukiwa huna mfano wa barua, tuandikie hapa tukutumie.

Andika wiki hii, inshallah. Kisha mpe na jirani yako asiye Muislamu naye aandike.

Wabillahi tawfiq.