Kombora inafika, lakini nani anaangalia?

Huku Kibumba, tukisikia mlio juu, tunaita watoto kwanza. Tarehe 24 Januari 2023, Rwanda ilipiga Sukhoi-25 ya FARDC karibu na Goma. Kigali ilisema iliingia anga yake, Kinshasa ilikana. Ndeke ilitua, lakini somo lilibaki: yenye rubani ikishuka chini, inapigwa.

Mwaka ule ule Kinshasa ilipata droni CH-4 za China. Zinakaa juu masaa mengi, na kombora yao ya kawaida, AR-1, inafuata mwanga wa leza.

Wengine wanasema basi, shida imekwisha. Hapana. Leza inapeleka kombora pale ilipotumwa. Haijui nani iko pale. Ndeke ya kulinda bahari inaona meli peke yake juu ya maji. Huku kwetu, wachimbaji wanne wenye viloba mgongoni, toka juu, wanafanana na waaskari.

Kwa hiyo, upande wowote unaochagua kombora utuambie pia: nani anahakikisha mbele ya kupiga? Na wakikosea, familia ya mchimbaji itajibiwa na nani?